Kabla Hujaleta Gobole la Kale Nyumbani

Kibali kwanza. Tanzania gobole ni silaha, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haijali kwamba lilikuwa la babu yako. Nenda polisi kabla ya kulisafirisha, usisubiri kukutwa nalo kwenye basi.

Pili, usipagawe na alama. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana bunduki za kisasa zisiingie Afrika, lakini za gumegume, zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zenye mtutu laini usio na michirizi ndani, ukaziachia mwanya. Ndiyo maana zilizagaa. Taji na neno TOWER, alama za bohari ya silaha ya London, vilipigwa hata kwenye bunduki za biashara za bei poa, kwa hiyo muuzaji akikuambia ni ya jeshi la Uingereza, cheka naye kisha shusha bei.

Kama mtutu umetengenezwa kwa bomba la maji, litundike tu ukutani. Halifai kufyatuliwa, hata mara moja.

Sasa hapa tulia. Kagua kama limeshindiliwa, yaani bado lina baruti na risasi ndani.

La kwetu lilikaa darini tangu mwaka Mwalimu alipong'atuka. Nilipolirithi, kizibo cha nyuma ya mtutu kilikuwa kimeshikana kwa kutu, tukalipeleka kwa mhunzi akipashe moto kilegee. Nikamuuliza baba mdogo kama kuna mtu ameangalia ndani. "Lina nini tena, mwanangu? Mwenyewe alishakufa." Mhunzi akauingiza mtutu kwenye makaa, kijana wake akavukuta. Kijana akainuka kwenda kunywa maji. Hakufika kwenye mtungi: kishindo, moshi, makaa yametapakaa banda zima, na bati la ukuta, pale pale alipokuwa amechuchumaa, lina tundu la kupitisha kidole gumba. Mhunzi aliungua mkono hadi kwenye kiwiko. Gharama za hospitali nililipa mimi, na nilistahili.

Baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi. Marehemu alishindilia, akaliweka tayari kwa nguruwe wa shambani, akafa. Wengi walifanya hivyo.

Kipimo chenyewe ni cha dakika moja. Usikae mbele ya mdomo wala usichungulie. Chukua ufito wa mti, si chuma, uingize taratibu mpaka ugote, utie alama usawa wa mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje: ncha yake ifike karibu na tundu la kuwashia. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu ndani. Hapo usitoboe, usipashe moto, usigonge. Mimina maji, liache liloweke siku kadhaa, maana shura, ile chumvi ya kwenye baruti, huyeyuka, halafu mkabidhi fundi wa silaha mwenye leseni. Hata likishalowa, lihesabu bado lina moto.

Mengine ni ya kawaida. Baruti ya risasi za kisasa isiguse gobole kabisa, hupasua mtutu. Usilisugue kwa msasa ling'ae, utakuwa umefuta nusu ya thamani yake. Ukiwa pwani, mafuta kila wiki, chumvi ya hewani haina mswalie. Funguo ziwe kwako. Wageni wakitaka picha, washike wao, lakini mdomo uelekee juu, na shemeji anayependa utani umnyang'anye mapema.