Kuweka intaneti kanisani: kuanzia kuchagua laini mpaka kurusha ibada laivu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimetoka kumaliza kazi kwenye usharika mmoja nje kidogo ya Mwanza na tayari mzee wa kanisa la jirani ameshanipigia kuuliza yale yale, kwa hiyo bora niandike mara moja niwe natuma link. Mimi ni fundi mitandao, maofisi na maduka nimefanya mengi tu, ila kanisa lina tabia zake: siku sita jengo liko kimya halafu Jumapili asubuhi watu mia nne wenye simu wanaingia kwa mpigo. Bei sitaweka maana zinabadilika kila leo, ulizeni wenyewe madukani.

Hatua ya 1: Semeni intaneti ni ya kazi gani

Kabla ya changizo lolote, baraza likae liseme. Ofisi ya usharika kutuma barua pepe na ripoti za jimbo ni kazi ndogo, hata laini ya kawaida inatosha. Kurusha ibada YouTube ni kazi nyingine kabisa, na WiFi ya waumini wote ni kazi ya tatu ambayo mimi huwa naipinga waziwazi. Mtu ana bando lake kwenye simu, akipewa paswedi ya kanisa wakati wa mahubiri anaenda TikTok, na aliyeko kwenye meza ya kamera ndiye anaumia. Nawaambia wazee: ofisi, kamera, mtunza hazina anayehakiki sadaka za simu, walimu wa Sunday School, basi. Wengine watanuna wiki mbili halafu watasahau.

Hatua ya 2: Pimeni spidi, ila pimeni Jumapili

Kila mtu anapima Jumanne jioni ofisini, anaona namba kubwa, anafurahi. Nenda Jumapili saa tatu asubuhi, ukae pale pale kamera itakapokaa, pima na simu yenye laini ya kila kampuni unayoweza kupata (azima za vijana wa kwaya). Usiangalie ile namba kubwa ya kupakua, angalia ya kupakia, maana laivu inatoka kwenu kwenda nje. Kwa picha ya 720p (HD ya kawaida) YouTube inahitaji karibu Mbps 4 (megabiti kwa sekunde) za kupakia, na mimi siwezi kumshauri mtu aanze kama hana angalau 8, kwa sababu spidi ya laini ya simu inapanda na kushuka muda wote.

Hesabu ya bando pia fanyeni hapa: Mbps 4 kwa saa moja ni kama GB 1.8, ibada ya saa tatu inakula GB 5.4, Jumapili nne ni karibu GB 22, na hapo hujaweka mikesha, semina na harusi. Kifurushi chenye kikomo kinakata wiki ya mwisho wa mwezi, tena katikati ya neno.

Hatua ya 3: Faiba, laini au dishi

Faiba (intaneti ya waya wa nuru) ikifika mtaani kwenu chukua faiba, mjadala umeisha. TTCL na wengine wanaivuta mpaka mlangoni sehemu nyingi za mijini, mnachotakiwa ni kuuliza kama nguzo ya karibu ina nafasi. Hata kama ni ghali kidogo kuliko laini, kupakia kwake kunatulia.

Isipofika, ni laini ya simu, na hapa ndipo mabati yanaingia. Kanisa la tofali lenye paa la bati linazuia mawimbi ya mnara vibaya sana, kwa hiyo ile rauta ndogo ya kuweka dirishani mnayouziwa dukani itawapa shida. Nunueni rauta ya nje, ile inayofungwa ukutani au juu ya bomba huko huko juani na waya mmoja tu wa mtandao unashuka ndani ukiwa umebeba na umeme. Kuna mafundi wanapenda kuacha rauta ndani halafu wanavuta waya wa antena mita kumi na tano, mimi siupendi kabisa mtindo huo, ule waya unakula nguvu ya mawimbi njiani na mwisho antena ya gharama inafanya kazi ya antena ya bure.

Ukishaifunga ingia kwenye ukurasa wake (nyingi za Huawei ni 192.168.8.1, nyingine 192.168.1.1 au 192.168.0.1, iko kwenye stika) utafute RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) na SINR (usafi wa mawimbi hayo dhidi ya makelele). RSRP ni namba hasi, kadri inavyokaribia sifuri ndivyo bora, -85 ni safi, -110 mnajisumbua. SINR nataka ivuke 10. Kisha zungusha rauta kidogo kidogo, subiri dakika nzima kila ukizungusha, andika kwenye karatasi. Mwanza huku tuna vilima vya mawe kila kona, mnara unaweza kuwa nusu kilomita nyuma ya jabali na msiupate, wakati ule wa mbali ng'ambo ya bonde unakuja vizuri. Fuata namba, usifuate mnara unaouona kwa macho.

Starlink (intaneti ya setilaiti, ya dishi) wenzetu Kenya na Rwanda wanayo tangu 2023, na kwa kanisa la kijijini lenye anga wazi ni kitu kizuri, ila kabla hujaagiza hakikisha imeruhusiwa nchini kwako na uwe na umeme wa kutosha, dishi la kawaida linakula kama wati 50 hadi 100 kutegemea toleo, muda wote limewaka.

Hatua ya 4: Laini isisajiliwe kwa jina la mchungaji

Fupi lakini naiwekea hatua yake. Laini Tanzania inasajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, sasa mchungaji akihamishwa usharika, na wachungaji wanahamishwa, laini inabaki jina lake na siku ikipotea au ikifungiwa mnamtafuta Songea aende dukani. Sajilini kwa jina la taasisi, mwakilishi aende na barua na nyaraka za kanisa. Kama tayari iko kwa jina la mtu, yeye mwenyewe apige *106# aone ni laini ngapi ziko kwenye NIDA yake halafu mpange kuihamisha akiwa bado yupo.

Hatua ya 5: Waya

Vuta waya mpaka meza ya kamera. Hakuna laivu ya WiFi kwenye kanisa ninalofunga mimi, labda mnifukuze.

Nunua Cat6 (aina ya waya wa mtandao) ya shaba tupu. Soko limejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, bei nusu, unakatika ukikunjwa na ukipitisha umeme wa rauta ya nje kwa umbali mrefu unaishiwa njiani, rauta inajizima na kujiwasha hovyo. Kabla hujalipa kwangua unyuzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani mrudishie muuzaji. Kipande kimoja kisizidi mita 100. Wa nje uwe wenye ganda jeusi la kuvumilia jua. Pitisha juu ya kenchi mbali na waya za umeme na za spika, la sivyo miksa ya kwaya itaanza kulia mmmmm na watakulaumu wewe.

Hatua ya 6: WiFi ya ofisi na ukumbi, na ugonjwa wa rauta mbili

Hii ndiyo iliyokula muda wangu wote kwenye hilo kanisa, someni polepole.

Dalili zilikuwa hivi: katikati ya wiki ofisi iko sawa. Jumapili simu nyingine zinapata, nyingine zinaandika "imeunganishwa, hakuna intaneti". Wakizima rauta na kuwasha, zilizokosa zinapata na zilizopata zinakosa, baada ya nusu saa vurugu tena. Walishabadilisha kampuni ya laini mara mbili kwa sababu ya hili, na laini haikuwa na kosa hata kidogo.

Kilichokuwepo ni rauta ya zamani kwenye chumba cha kwaya, mtu aliichomeka kwa waya ili "iongeze WiFi". Wazo zuri, na ni bora mara kumi kuliko eksitenda za kuchomeka kwenye soketi ambazo mimi sifungi kabisa kwa kuwa zinagawanya spidi. Tatizo ni kwamba kila rauta inatoka kiwandani na DHCP imewashwa, yaani ndani yake kuna kitu kinachogawa namba za anwani kwa kila simu inayoingia. Zikiwa mbili kwenye waya mmoja ni kama mashemasi wawili wanaogawa namba za viti bila kuambiana: simu inachukua ya aliyewahi kujibu, na ikichukua ya rauta ya zamani inaelekezwa kutokea kwenye mlango usio na intaneti. Ndiyo maana kuzima na kuwasha kulionekana kama dawa, ni bahati nasibu inachezwa upya.

Jinsi ya kujua: chukua simu iliyokosa, fungua maelezo ya WiFi, soma namba ya Gateway, yaani anwani ya rauta inayoitolea intaneti (kwenye laptopu ya Windows andika ipconfig). Kisha soma kwenye simu iliyopata. Zikitofautiana umemkamata mchawi. Zikifanana bado usishangilie, maana rauta nyingi zinatumia 192.168.1.1 zote, na hapo zinagombania anwani moja, balaa zaidi. Chomoa ile ya kwaya, subiri, kama kila kitu kinatulia ndiyo yenyewe.

Kurekebisha, na mpangilio huu msiuvuruge:

Kwanza ichomoe kabisa kwenye mtandao, iunganishe na laptopu peke yake kwa waya. Badilisha anwani yake ya LAN (mtandao wa ndani) iwe 192.168.1.2, kama kubwa ni 192.168.1.1. Itajiwasha upya, ingia tena kwa anwani mpya. Sasa weka jina la WiFi na paswedi sawasawa na za rauta kubwa. MWISHO KABISA ndiyo zima DHCP. Ukianza na kuzima DHCP laptopu yako inaweza kukosa anwani na ukafungiwa nje ya rauta uliyoishika mkononi, halafu inabidi uiandikie laptopu namba kwa mkono au ubonyeze kitundu cha kurudisha kiwandani uanze upya. Ukimaliza irudishe kwenye waya kupitia tundu la LAN, lile la WAN (la kuingizia intaneti) lenye rangi tofauti liache wazi. Rauta mpya mpya zina chaguo la Access Point Mode linalofanya haya yote kwa kubonyeza mara moja, kama lipo litumie, ila hakikisha baadaye kwa kusoma Gateway kwenye simu, usiamini tu.

Halafu kuna la pili ambalo linajificha nyuma ya hilo la kwanza. Rauta kubwa yenyewe ilikuwa na namba 100 tu za kugawa, kutoka .100 hadi .199, na kila namba inashikiliwa siku nzima. Paswedi ilikuwa imeshavuja kwa kanisa zima. Ibada ya kwanza inaisha, watu wanaenda kunywa chai, namba zao zimebaki zimeshikiliwa, wa ibada ya pili wanaingia hakuna kitu. Panua kutoka .20 hadi .250, na palipoandikwa Lease Time (muda wa kushikilia namba) punguza iwe saa moja au mbili. Angalia wanahesabu kwa nini: nyingine ni dakika, nyingine ni sekunde, ukikuta 86400 hizo ni sekunde za siku nzima, weka 3600. Ukiandika 60 ukidhani ni dakika kumbe ni sekunde, kila simu itakuwa inaomba namba upya muda wote.

Chaneli za WiFi ya 2.4 GHz tumieni 1, 6 au 11 tu, rauta ya kwaya iwe tofauti na ya ofisi. Na mbadilishe paswedi. Kumfungia mtu mmoja mmoja hakusaidii siku hizi, Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinaweza kujificha kwa anwani ya kubuni.

Hatua ya 7: Kurusha

Tumieni OBS, programu ya laptopu ya kurusha laivu, ya bure. 720p, fremu 30, bitrate (kiasi cha data kwa sekunde) kati ya 2500 na 4000 kbps, CBR (bitrate isiyobadilika), keyframe (picha kamili) kila sekunde 2. Sauti itoke kwenye miksa, sio maiki ya kamera. Akaunti ya YouTube isiyowahi kurusha laivu inaweza kusubiri hadi saa 24 kufunguliwa, kwa hiyo washeni Alhamisi, sio Jumapili wimbo wa kwanza ukiimbwa. Kurusha kutoka kwenye simu wanataka wafuasi 50, kwa laptopu na OBS hakuna sharti hilo. Kwenye Windows wekeni mtandao huo kuwa wa kupimiwa (metered) ili isianze kupakua masasisho yake kwenye mahubiri.

Hatua ya 8: Umeme na radi

Rauta nyingi zinatumia volti 12, tafuta ile UPS (betri ya akiba) ndogo ya DC, inabeba rauta saa kadhaa umeme ukikatika. Ile ya kompyuta inafaa kwa laptopu na miksa ndogo. Rauta ya nje angalia inataka PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) ya aina gani kabla ya kuchomeka, kuna za volti 24 na za 48, ukikosea unaweza kuiunguza.

Na radi. Kanda ya Ziwa tunaijua. Bomba la rauta lisivuke ncha ya paa kama si lazima, lifungwe waya wa ethi unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye fimbo ya shaba ardhini, na uwekwe kizuizi cha radi kwenye waya wa mtandao kabla haujaingia ndani. Mlinzi mfundisheni: wingu likijifunga anachomoa waya wa umeme na ule wa mtandao unaotoka nje, vyote viwili, kabla mvua haijaanza kupiga bati.