Maziwa ya mchele ya nyumbani kwa wasiotumia maziwa ya ng'ombe, na jinsi ya kuepuka ule utelezi

Jamani habari zenu, leo nimeona nilete hili somo maana wengi mnaniuliza pembeni na kila mmoja namjibu nusunusu. Mwanangu wa pili ana miaka 7, ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, soya na karanga, korosho nazo hagusi, sasa ukishatoa hivyo vyote unabaki na mchele. Mchele hauna laktosi (sukari ya maziwa) wala gluteni (protini ya ngano) na ni nadra mtu kupata aleji nao. Ila mara ya kwanza nilipojaribu nilipata kitu kinavutika kama ute wa yai, mtoto akakitema, kiukweli niliumia sana.

Mahitaji: mchele mweupe nusu kikombe (kile cha mililita 250), maji vikombe 3 ya kupikia, alafu maji mengine vikombe 4 yaliyochemshwa yakapoa na kukaa kwenye friji mpaka yawe baridi kabisa. Chumvi kidogo tu, mafuta ya kula kijiko 1 cha chai, tende 2 ukipenda utamu.

Osha mchele mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, uchemshe kwenye yale maji vikombe 3 mpaka ulainike kabisa kama dakika 20 hivi, ALAFU UMWAGE MAJI. Najua wengi mmezoea kuukausha lakini hapa usiukaushe. Mchele unafyonza aseniki, ambayo ni sumu, kutoka kwenye udongo na maji ya shambani, ukiupika kwa maji mengi ukayamwaga unapunguza sehemu kubwa. Ndio maana pia situmii mchele wa kahawia kwa hili, aseniki nyingi inakaa kwenye ile pumba ya nje.

Ukishachuja, suuza wali kwa maji ya baridi yaliyochemshwa mpaka upoe. Hapa ndipo siri ilipo, ule utelezi ni wanga, na wanga ukisagwa ukiwa wa moto unatoka wote na kugeuka gundi. Kwahiyo wali uwe umepoa, maji yawe baridi, weka kwenye blenda na vile vingine vyote na usage sekunde 30 basi, usisahau ukaenda kufanya kazi nyingine blenda inazunguka. Mafuta usiyaache, ndio yanafanya isiwe kama maji matupu mdomoni.

Chuja kwa kitambaa safi na USIKAMUE, acha yajichuje yenyewe taratibu, ukikamua unarudisha wanga wote. Utapata karibu lita 1, weka kwenye chupa safi, friji, siku 3 mwisho.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada asante, mimi wangu ana miezi 8 na maziwa ya kopo yanamkataa, naweza kumpa haya?
Jibu: Hapana mama, nakuomba sana usimpe. Haya hayana protini ya maana na kalsiamu ni kama hamna, wakati kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina protini kama gramu 8 na kalsiamu kama miligramu 300. Mtoto chini ya mwaka anahitaji maziwa ya mama au ya kopo maalumu ya wenye aleji, muone daktari mapema. Uingereza wanashauri hata watoto chini ya miaka 5 wasipewe kama mbadala wa maziwa, sababu ya hiyo aseniki. Wangu mwenyewe anakunywa kikombe kimoja tu kwa siku na kalsiamu anapata kwingine, daktari wake anajua.

Swali: Baba ana shida ya figo, wamemkataza fosforasi na potasiamu, je?
Jibu: Ya nyumbani yana kidogo sana vyote viwili, ya dukani soma lebo maana mengine yameongezwa fosfeti, ambayo ina fosforasi. Ila kwake toa tende, zina potasiamu nyingi, na kama amepimiwa maji ya kunywa basi na haya yahesabiwe humo humo. Muulizeni mtaalamu wake wa lishe kwanza.

Swali: Na mwenye sukari?
Jibu: Ni wanga mtupu, yanapandisha sukari haraka hata bila tende. Mimi nisingemshauri.

Swali: Yangu yamejitenga, chini mazito juu maji, yameharibika?
Jibu: Hapana, tikisa tu. Ila yakiwa na harufu ya uchachu mwaga.

Swali: Nimeyasahau mezani usiku kucha, nikiyachemsha si yatakuwa salama?
Jibu: Mwaga yote. Kwenye wali kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa, ukiuacha nje wanazaana na kutoa sumu ambayo hata ukichemsha tena inabaki.

Swali: Nikiweka kwenye chai yanakuwa kama uji, nakosea wapi?
Jibu: Unayachemsha pamoja na chai. Ipua kwanza, ndio umiminie mwishoni.

Swali: Na yale makapi?
Jibu: Changanya kwenye unga wa chapati za maji siku hiyo hiyo, zinatoka laini mno.