Somo: Kupata na Kutunza Upepo Sahihi wa Matairi ya Gari la Familia Katika Nyanda Zetu za Baridi

Kamwene, ndugu zangu. Somo hili la upepo wa matairi nimeliandika kwa ajili ya wenzetu wenye gari moja la nyumbani, lile linalopeleka watoto shuleni Jumatatu, linalokwenda Ismani kuchukua mahindi mwisho wa mwezi, na ikifika Desemba linashuka Kitonga likiwa limejaa watu na mabegi. Gari la namna hiyo halina msimamizi wa karakana. Msimamizi wake ni mwenye nyumba, na wengi wetu hupima upepo kwa kulitazama tairi au kulipiga teke, jambo ambalo halimwambii mtu chochote, kwa sababu tairi la siku hizi lisilo na tyubu linaweza kupungukiwa robo nzima ya upepo wake na bado likaonekana limesimama vizuri.

Nianze na kosa nililolifanya mwenyewe. Mwezi wa Julai, miaka kadhaa iliyopita, tulitoka Mbeya alfajiri kwenda Iringa. Nilikuwa nimepima nyumbani, PSI 32 katika kila tairi, kama gari lilivyoagiza (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Saa sita mchana tukasimama kula njiani, na kijana mmoja wa kuziba pancha akanipimia akakuta 36. Akasema upepo umezidi, nami nikakubali aupunguze hadi 32. Kesho yake asubuhi tuligeuza kurudi Mbeya tukiwa sita, na magunia mawili ya mahindi nyuma, wala sikupima tena. Tulipopita Igawa tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Namshukuru Mungu gari halikuyumba sana na hakuna aliyeumia. Fundi alipolivua kwenye rimu, ndani yake mlimwagika unga mweusi wa mpira. Ubavu wa tairi ulikuwa umejikunja na kujinyoosha kilomita baada ya kilomita, ukajisaga wenyewe.

Unga ule ndio ulionifundisha. Zile PSI 36 za mchana hazikuwa upepo wa ziada; zilikuwa zile zile 32 za alfajiri, zimepashwa na mwendo na jua. Nilipozipunguza zikiwa moto, kwenye baridi ya asubuhi iliyofuata zilikuwa zimebaki 28 hivi, na juu yake nikaweka mzigo.

Hatua ya kwanza: ijue namba ya gari lako

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo ya mlango au ukingo wa mlango wenyewe. Katika baadhi ya magari kibandiko kiko ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, kwa hiyo maandishi yanaweza kuwa ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka. Utaona ukubwa wa tairi, kisha namba kama 220 au 230, ambazo ni kPa, kipimo kingine cha upepo, na pengine 2.2 au 2.3 pembeni yake. Gawanya kPa kwa 6.9 upate PSI: 220 ni karibu 32, 230 ni karibu 33, na 240 ni karibu 35. Kama geji yako, yaani kifaa cha kupimia upepo, inasoma bar, bar 1 ni PSI 14.5. Angalia pia kama matairi ya mbele na ya nyuma yameandikiwa namba tofauti, kwa sababu ndivyo ilivyo katika magari mengi.

Namba iliyochapwa kwenye ubavu wa tairi, ambayo mara nyingi ni 44 au 51, si namba ya kujazia. Hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi limeruhusiwa kubeba, na aliyelitengeneza hakujua litafungwa kwenye gari gani. Aliyetengeneza gari ndiye aliyepima uzito wake, breki zake na namna linavyokata kona. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia mafundi wazuri, wenye mikono mizuri kabisa, wakisoma ubavu na kujaza kwa kuufuata. Tairi lililozidishwa upepo hukaa juu ya lami kwa sehemu ya katikati tu, meno ya katikati huisha mapema, breki huchelewa kushika, na shimo moja linatosha kulikata.

Hatua ya pili: uwe na geji yako mwenyewe

Geji ya kijiweni kwa fundi wa pancha huangushwa mara nyingi kwa siku, hukanyagwa na kulowa, na si ajabu mbili za jirani zikatofautiana kwa PSI 3 au 4. Nunua yako, iweke kwenye gari ikiwa imefunikwa, na uitumie hiyo hiyo kila mara. Hata kama ina kosa dogo, kosa lake halibadilikibadiliki, na ukiilinganisha mara moja na geji nzuri ya duka la matairi utajua ni la kiasi gani.

Hatua ya tatu: pima tairi likiwa limepoa

Tairi lililopoa ni la gari ambalo limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi, au ambalo halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu kwa mwendo wa pole. Kwa wengi wetu wakati huo ni asubuhi kabla ya kuondoka. Pima kabla jua halijalipiga gari, kwa maana upande ulioota jua utasoma juu kuliko ule wa kivulini. Fungua kifuniko cha valvu, bonyeza geji iwe wima hadi mlio wa upepo unaovuja ukome, usome, urudie mara ya pili. Andika namba za matairi yote manne kwenye kikaratasi. Usiamini kichwa, utachanganya.

Hatua ya nne: jaza kwa kufuata upungufu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu pampu iko kijiweni na siyo nyumbani, na ukifika tairi limekwisha kupata moto. Suluhisho ni kubeba upungufu wako. Tuseme tairi linatakiwa kuwa na 32, na nyumbani umekuta 27. Upungufu ni 5. Ukifika kwa fundi ukapima tena ukakuta 29, mwambie ajaze hadi 34, yaani 29 ukijumlisha 5. Fundi atashangaa kidogo, lakini mweleze kwa upole. Asubuhi inayofuata pima nyumbani, na kama imezidi, ipunguze hapo kwa kubonyeza kisindano cha valvu. Tairi la moto halipunguzwi upepo hata siku moja.

Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari huondoa usumbufu huu wote, na mwenye uwezo ninamshauri ainunue.

Hatua ya tano: mzigo

Vibandiko vingi vina mstari wa gari lililojaa, ambao huongeza upepo hasa wa nyuma. Ufuate kabla ya kupakia viazi, mchele wa Kyela au ndizi za Tukuyu, na ukishashusha mzigo urudishe namba ya kawaida asubuhi inayofuata. Kama kibandiko kina mstari mmoja tu, namba hiyo ndiyo ya gari lenye watu na mizigo ya kiasi kilichoruhusiwa, na kuzidisha uzito wa gari hakutibiki kwa kuzidisha upepo.

Baridi na mwinuko wetu

Geji haipimi mgandamizo wote ulio ndani ya tairi. Hupima tofauti kati ya ndani na hewa inayotuzunguka. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa PSI 14.7 hivi, Mbeya mjini, mita 1,700 juu, inasukuma kwa PSI 12 tu. Kwa hiyo tairi likipandishwa kutoka pwani hadi huku, na joto lisibadilike, geji itaonyesha PSI 2.7 hivi za ziada, ingawa hakuna aliyeongeza chochote. Lakini joto nalo hubadilika. Kila linaposhuka nyuzi 5 au 6 za Sentigredi, tairi la gari dogo hupungua PSI 1 hivi. Aliyejaza Dar es Salaam kwenye nyuzi 28, akaamka Mbeya kwenye nyuzi 8, baridi imemnyang'anya karibu PSI 3, na mwinuko umemrudishia karibu zote. Atakuta 32 yake iko pale pale, aseme safari haikubadilisha kitu. Mchana jua likipanda, geji ile ile itamsomea 34. Anayeshuka kwenda Kyela hukutana na mambo hayo hayo kwa kugeuzwa: mwinuko unapungua, joto linaongezeka.

Kwa msafiri, basi, kanuni ni moja: pima asubuhi mahali ulipolala, ukifuata namba ile ile ya kibandiko, bila kuijazia hesabu za mlima.

Anayeumia zaidi na baridi yetu ni yule asiyesafiri. Mtu akijaza Novemba, kwenye asubuhi za nyuzi 16, akasahau hadi Juni, asubuhi za nyuzi 6 zimemwondolea PSI 2 hivi. Zaidi ya hapo, tairi zima lisilo na pancha hupoteza PSI 1 kwa mwezi, pengine zaidi, kwa sababu mpira unapitisha hewa polepole. Ile 32 imekuwa 23 bila msumari wowote. Gari linakula mafuta zaidi, kingo za matairi zinalika, na kwenye mvua za Tukuyu tairi kama hilo huanza kuelea juu ya maji mapema kuliko lilivyopaswa. Pima mara moja kwa mwezi, na kabla ya kila safari ndefu. Kuanzia Mei hadi Agosti mimi hupima kila wiki mbili.

Kifuniko cha valvu nacho kisidharauliwe. Kinazuia vumbi na tope lisiingie na kukwamisha kisindano.

Maswali na majibu

Swali, kutoka Uyole: Shikamoo mzee. Gari langu lina ile taa ya manjano yenye picha ya tairi na alama ya mshangao. Saa kumi na mbili asubuhi inawaka, nikifika Mwanjelwa inazimika yenyewe. Je, taa ni mbovu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Taa yako ni nzima na inakuambia ukweli asubuhi. Upepo wako uko kwenye mpaka: kwenye baridi unaangukia chini ya kiwango cha onyo, na ukitembea tairi linapata moto na kupanda juu yake kidogo. Katika magari mengi taa hiyo huwaka upepo ukiwa umepungua kwa karibu robo, yaani kwenye 24 badala ya 32, kwa hiyo usisubiri iwake ndipo upime. Jaza kwa kipimo cha asubuhi.

Swali, kutoka Njombe: Naitrojeni inasifiwa kwamba haipungui. Inafaa kulipia?

Jibu: Kaka, hewa ya kawaida ni naitrojeni kwa asilimia 78 tayari. Naitrojeni tupu huvuja polepole kidogo na haina unyevu, lakini nayo hupungua kwa baridi vile vile, na huwezi kuacha kupima. Fedha hiyo nunulia geji.

Swali, kutoka Makete: Barabara ya Matamba ikiwa na tope, wenzangu hupunguza upepo ili tairi lishike. Nifanye hivyo?

Jibu: Ni kweli kwamba tairi lenye upepo mdogo hulala na kushika eneo pana zaidi, na wenye magari makubwa ya porini hulifanya hilo wakiwa na pampu ndani ya gari. Lakini wanakwenda taratibu sana, na wanajaza tena kabla ya kukanyaga lami. Kwa gari dogo la familia, kwenye barabara yenye mawe chini ya tope, ubavu uliolegea utabanwa kati ya jiwe na rimu na kukatika. Mimi nisingepunguza. Ningetafuta matairi yenye kashata nzuri, yaani meno mazuri, au ningesubiri mvua ikatike.

Swali, kutoka Mafinga: Tairi moja linapungua PSI 4 kila wiki. Fundi anajaza tu.

Jibu: Dada, hilo ni tatizo la kuzibwa, na kujaza kila wiki kunalificha tu. Mwambie alipake maji ya sabuni kote: juu ya meno, kwenye valvu na kwenye mdomo wa rimu. Mapovu yatakuonyesha. Yakitoka kwenye mdomo wa rimu, tairi livuliwe na kutu isuguliwe. Yakitoka kwenye valvu, valvu yenyewe ibadilishwe. Na kabla hujalirudisha, litazameni ndani. Mkiona unga mweusi au mikunjo ubavuni, msilizibe, litupwe.

Swali, kutoka Tunduma: Nimefunga rimu kubwa kuliko zilizokuja na gari. Namba ya kibandiko bado inafaa?

Jibu: Namba ile ni ya ukubwa ulioandikwa pale tu. Ukibadilisha ukubwa, tairi linaweza kuhitaji upepo tofauti ili libebe uzito ule ule, na muuzaji wa matairi anayejua kazi yake ana jedwali la uzito na upepo la kukutafutia. Asipokuwa nalo, rudi kwenye ukubwa wa kibandiko.

Swali, kutoka Ipogolo, Iringa: Tairi langu la spea ni jembamba, na limeandikwa 60 PSI. Nimeogopa, nimeliacha kwenye 32.

Jibu: Liongeze leo. Hiyo ndiyo namba yake halisi, 60, ambayo ni kPa 420, kwa sababu ni dogo na linabeba uzito ule ule kwa hewa kidogo. Likiwa na 32 litalala mara tu utakapolifunga. Mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa, na kazi yake ni kukufikisha kwa fundi tu, kwa hiyo usishuke nalo Kitonga.