Dungusi lako linaoza ghafla? Mtafute huyu nondo

Kama uko Florida na una dungusi nje ya nyumba, alafu unaona majani yake (zile bapa nene, kiukweli ni shina ila tuite majani tu) yanageuka njano na kutoa ute wa kijani kama una unga wa mbao ndani, usikimbilie kulaumu maji wala mbolea. Huyo ni nondo (mdudu kama kipepeo) anayeitwa Cactoblastis cactorum, kwao ni Argentina na majirani zake, Florida kaonekana tangu 1989.

Nondo mwenyewe achana naye, ni kakijivu fulani kanaruka usiku, utachoka bure. Tafuta mayai. Jike anayapanga moja juu ya lingine, 70 mpaka 90 hivi, yanakuwa kijiti kimepinda kidogo kimening'inia kwenye mwiba, ukipita haraka unasema mwiba tu huo. Angalia karibu, kina pingili pingili kama sarafu zimepangwa na hakina ncha kali. Kitoe, kiponde, basi.

Yakishaanguliwa kazi inakuwa kubwa maana viwavi wanaingia kundi zima kwa tundu moja wanakula nyama yote wanaacha ngozi, jani ukilielekeza juani mwanga unapita. Vaa glavu nene, shika kwa koleo (vile vimiiba vidogo vikikuingia utajuta wiki nzima), kata kwenye kiungo, weka kwenye mifuko miwili ya plastiki, funga kabisa. Usitupe kwenye mboji, watatoka watembee wahamie jani lingine ambalo halijaliwa. Dawa ya kupuliza haisaidii sana, wao wako ndani.

Na usimdharau, Australia walimwachia makusudi 1926 ale dungusi lililokuwa limefunika mamilioni ya hekta, miaka michache tu limeisha, mpaka wakajenga ukumbi kule Boonarga kwa jina lake!

Kabla hujakata kata ovyo pasua jani moja uhakikishe: kiwavi wa huyu nondo ni rangi ya chungwa ana mistari myeusi. Ukikuta wa bluu bluu huyo ni mwenyeji wa hapo hapo, hana fujo hivyo. Na ile pamba nyeupe juu ya jani sio nondo kabisa, ni kidudu kingine, ndugu zake ndio walioachiliwa Laikipia, Kenya, kupunguza dungusi.

Mwisho fagia takataka chini ya mmea, ndio wanakojifungia kuwa nondo, na rudia kukagua maana Florida wanazaa mara tatu kwa mwaka.