Nafasi ya Kupandikiza Miche ya Mpunga katika Majaruba ya Usangu na Pawaga

Jaruba (kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa kingo za kuzuia maji) lililopandikizwa kwa kubana hupendeza macho katika wiki za mwanzo, na hapo ndipo mkulima hudanganyika, kwa sababu mavuno hayapimwi kwa wingi wa miche iliyochomekwa bali kwa masuke yaliyojaa punje katika kila mita ya mraba. Mashina yaliyobanana hugombea mwanga na mbolea, hutoa machipukizi machache, na baadhi ya machipukizi hayo hufa kabla ya kutoa suke.

Kwa mbegu fupi kama SARO 5, anza na sentimita 20 kwa 20, yaani mashina 25 kwa mita ya mraba au takribani laki moja kwa ekari, ukiweka miche miwili au mitatu yenye umri wa siku 21 hivi katika kila shimo. Anayefuata kilimo shadidi hupanua hadi sentimita 25 kwa 25 na kupanda mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12. Mashina hupungua hadi 16, lakini machipukizi hufidia pengo hilo, mradi mche uwe mchanga kweli. Mche uliokaa kitaluni mwezi mzima umekwisha kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuchipua, na kuupa nafasi pana ni kuyakaribisha magugu. Huo, sawa na uliochelewa msimu au unaopandwa kwenye ardhi iliyochoka, urudishe kwenye 20 kwa 20 au hata 20 kwa 15.

Mbegu ndefu za asili, zikiwamo zile za kunukia za Kyela, zisibanwe penye rutuba, kwani hurefuka zikitafuta mwanga, zikawa na mabua membamba, kisha zikalala kabla ya kuvunwa.

Ukishachavanga, yaani kuvuruga udongo wenye maji hadi uwe tope, na kusawazisha, tumia kamba yenye mafundo kila sentimita 20. Kagua mapema, maana kibarua anayelipwa kwa ekari hushawishika kupanua nafasi ili amalize haraka.

Ukiwa na shaka, gawa jaruba moja kwa nafasi mbili, na kabla ya kuvuna uhesabu masuke katika mita moja ya mraba kila upande, ukiacha yale yenye mapepe, yaani punje tupu.