Kufukuza Mbu kwa Mafuta ya Mimea

Mbu jike humtafuta mtu kwa kufuata hewa ya ukaa anayoitoa puani, joto la mwili na harufu ya ngozi. Mafuta ya kunukia ya mimea humvuruga asiifikie ngozi, lakini hayamuui, na kwa kuwa hupeperuka haraka, kinga yake hukatika mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Pima mililita 50 za mafuta mazito, kama ya nazi au ya alizeti, kisha tia matone 30 ya mafuta ya sitronela, ambayo hutokana na nyasi za jamii moja na mchaichai. Mililita moja huwa na takriban matone 20, hivyo mchanganyiko huo utakuwa na asilimia 3 ya sitronela. Ukitaka kuongeza karafuu, usizidishe matone 5, kwa sababu mafuta yake huwasha. Ya maganda ya ndimu na limau ningeyaacha kabisa, maana huweza kuifanya ngozi iungue juani.

Jaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko na usubiri saa 24. Pasipotokea upele wala muwasho, paka miguu, mikono na shingo bila kuruka mahali, kwani mbu hutua palepale palipoachwa, na mara nyingi huwa ni kwenye vifundo vya miguu. Rudia kila baada ya saa moja au mbili, na mapema zaidi ukitokwa na jasho. Dawa za dukani zenye PMD, itokanayo na mkaratusi wenye harufu ya limau, hudumu zaidi, ila hazipakwi watoto walio chini ya miaka 3. Usiku, chandarua kibaki palepale.

Kwa viluwiluwi, kazi ya mafuta ni nyingine. Ukichungulia ndoo iliyosahauliwa nje, utawaona wengi wakining'inia kichwa chini, ncha ya mrija wa kupumulia ikigusa uso wa maji. Utando mwembamba wa mafuta ya kupikia huziba njia hiyo na kuwakosesha hewa. Tumia njia hii pale tu maji yasipoweza kumwagwa, kamwe si kwenye maji ya kunywa wala bwawa lenye samaki, na urudishie mafuta kila utando unapokatika, hasa baada ya mvua.