Somo: Maji ya kunywa, kutoka dumu hadi kikombe

Somo hili ni la sisi tunaonunua maji kwa madumu au tunaochota kisimani. Tunabishana sana kuhusu chanzo, kisima kipi kizuri na kipi kibaya, ilhali maji mengi yanaharibikia mikononi mwetu, nyumbani. Fuateni hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Osha dumu. Limulike ndani kwa tochi ya simu. Ukiona utelezi wa kijani, ujue hapo vijidudu vimejenga, na kusuuza kwa maji matupu hakuutoi. Tia konzi mbili za mchanga safi, sabuni na maji kidogo, funga, tikisa kwa nguvu kila upande, mwaga, suuza vizuri. Mfuniko nao usuguliwe. Kipande cha nailoni mnachozibia dumu lisilo na mfuniko kitupeni leo, tafadhali.

Hatua ya 2: Tuliza, kisha chuja. Maji ya tope yalale kwenye ndoo iliyofunikwa. Asubuhi mimina ya juu taratibu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya, maana nyuzi zake zimelegea na kujaza matundu. Utafiti uliochapishwa 2003 kutoka vijiji vya Bangladesh ulionyesha kuwa kuchuja kwa sari kuukuu kulipunguza kipindupindu karibu nusu. Nusu bado haitoshi, kwa hiyo usiishie hapa.

Hatua ya 3: Ua vijidudu. Ukichemsha, maji yatokote kwa nguvu dakika 1. Kwa wanaoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika 3. Yapoe humo humo kwenye sufuria, yakiwa yamefunikwa. Mkaa ukiwa ghali, tumia vidonge vya klorini. Soma pakiti ujue kidonge kimoja ni cha lita ngapi, maana vinatofautiana, kisha subiri dakika 30. Tope hula klorini, ndiyo sababu hatua ya 2 hairukwi.

Hatua ya 4: Hifadhi. Ndoo yenye koki ndiyo bora. Kama huna, tumia kata ya mpini mrefu, itundikwe ukutani, na kikombe cha mtoto kisizamishwe ndani. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote iliyobaki. Mkono mmoja mchafu unayarudisha yalikotoka.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kisima chetu Kigamboni kina maji ya chumvi. Nikiyachemsha sana chumvi itapungua?

Jibu: Hapana, dada. Mvuke unaondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo yanazidi kukolea. Visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya chini kwa chini. Hayo fulieni, ya kunywa kingeni mvua au nunueni.

Swali: Tuko Arusha, upande wa Meru. Maji ni meupe kabisa lakini meno ya watoto yana madoa ya kahawia.

Jibu: Pole sana, mama. Hiyo ni floridi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha na klorini haviiondoi. Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa, linalojulikana huko kwenu kupitia kituo cha Ngurdoto cha utafiti wa kuondoa floridi, na mkaa huo hubadilishwa ukishachoka. Pelekeni sampuli maabara ya maji kwanza. Wakati mnasubiri, watoto wadogo wapewe maji ya mvua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani meno yao yanaumbika sasa.

Swali: Sina mkaa wala vidonge. Nifanyeje?

Jibu: Chukua chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, jaza maji yaliyochujwa mpaka yawe maangavu, laza juu ya bati kwenye jua kali kwa muda wa saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2 mfululizo. Kunywa kutoka chupa hiyo hiyo, usimimine kwenye ndoo.